Lango la Sehemu ya Tatu

Kaloleni, Kisumu
4 Aprili 1993

Ndugu yangu Gordon,

Salaam, na baada ya salaam, lawama. Jumapili nilifika Migosi nikakuta chumba chako kina mpangaji mwingine, mama anayekaanga mandazi. Akaniambia yule fundi wa redio amehamia kwao Asembo na mke wake, na kitanda walikipandisha lori. Kitanda, Gordon. Mtu anayekwenda kusalimia nyumbani habebi kitanda. Miaka yote hii unanitengenezea deki ya ukumbi wangu wa video, unakaa benchi ya mbele unanicheka nikiwatafsiria watu sinema, halafu unaondoka kimya kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Deki inajua kwamba haupo. Inatafuna kanda. Juzi imetafuna ile sinema ya Vumbi, Sehemu ya Pili, pale watu wa majivu wanapokuja na malori na mapembe yao kuuvamia mji wenye ukuta. Ukumbi mzima ukanipigia kelele. Ilibidi niwasimulie kilichobaki kwa mdomo, na Simiyu wa baiskeli akasema kusimulia kwangu kulikuwa kutamu kuliko sinema yenyewe.

Najua ungekuwepo ungesema nimewadanganya tena. Basi ule ubishi wetu wa sinema tuumalize kwa kalamu, maana kwa mdomo ulitushinda. Mimi nasema Sehemu ya Pili ndiyo bora. Ya Kwanza ni huzuni tupu: dunia imekauka, bahari imebaki mchanga, na yule Bwana Mkokoteni anasukuma pipa lake la maji kijiji hadi kijiji, kila afikapo wameshakufa, mwisho anakwenda zake peke yake. Mtu ametoka kuvuta mkokoteni sokoni tangu asubuhi, alipe pesa aone hayo? Ya Pili ina mji, ina watoto, na jamaa anapata pa kulala.

Kama nimekukosea, nieleze. Mariamu anakusalimu. Anasema alikuwekea pilau ya Idi mpaka ikachacha.

Nduguyo,
Abdulrahman


Asembo
30 Mei 1993

Omera Abdul, ndugu yangu,

Hujanikosea. Nimekuja kujenga. Mwanamume wa umri wangu asiye na nyumba kwao ni aibu, hata wewe mtu wa mjini unalijua hilo. Malaria imenisumbua kidogo, lakini kuta zimesimama na Rosa amepanda mtama. Usitafute neno chini ya neno.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Ya Kwanza ndiyo bora kwa sababu haimdanganyi mtu. Hiyo Pili yako umeisahau, au hukuielewa tangu mwanzo. Kuna yule mwanamke anayekohoa. Watu wa mjini wanamtoa nje, wanafunga lango, naye anagonga mpaka mkono unachoka. Wewe ulituambia ameaga, anakwenda kumwona mama yake, na ukumbi ukampigia makofi ya safari njema. Mimi niliyesikia Kiingereza chao nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku hizi nikilikumbuka sicheki.

Na hao watu wa majivu unaowaita wezi. Mwezi uliopita tumemzika baba mdogo. Wanaume walijipaka majivu na udongo, wakavaa majani na pembe, wakakimbiza ng'ombe mpaka mpakani huku wakirusha mikuki hewani na kukitukana kifo. Ndiyo buru. Umeiona mara nyingi ikipita barabarani, ukafunga dirisha ukidhani ni fujo. Nilisimama katikati ya vumbi lile nikasema, lo, hawa ndio wale. Omera, wale hawakuja kuuvamia mji. Walikuja kufukuza kifo kilichokuwa ndani ya ukuta, na waliokuwa ndani hawakuelewa.

Kaka yangu Nicodemus hakutoka nyumbani siku hiyo. Ameokoka, na sasa buru kwake ni kazi ya shetani.

Gordon


Kaloleni
22 Agosti 1993

Ndugu Gordon,

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote umekosea. Mwenye kufukuza kifo habebi maji ya watu. Wale wa majivu wamechukua mapipa, wamechoma ghala, wamemwangusha bawabu. Hiyo ni buru ya wapi? Nimemuuliza Simiyu, ambaye kwao Bungoma hawana neno hilo, naye akasema mwizi ni mwizi hata akijipaka unga.

Kuhusu mwanamke anayekohoa, nilitafsiri hivyo kwa makusudi. Katika benchi ya pili alikuwa amekaa mtu anayekohoa. Hukumwona kwa sababu wewe hukai nyuma.

Beldina anayeuza samaki hapa amepita Asembo. Anasema umekonda. Nilimwambia hukuwahi kuwa mnene. Akanitazama tu, akaendelea kukwangua magamba.

Gordon, niambie nije lini. Nitafunga ukumbi.

Abdulrahman


Asembo
15 Januari 1994

Omera,

Mwandiko ni wa Rosa, maneno ni yangu. Mkono umechoka.

Usije. Nyumba imekwisha, ina bati, na mlango wake unatazama ziwa. Tatizo ni kwamba haina wageni. Watu wananisalimia kutoka barabarani, tena kwa heshima sana, wakiwa mbali. Nicodemus amenunua kikombe cha bati cha bluu, nikaambiwa ni changu, kinaning'inia kwenye mwimo wa mlango ili mtu asikichukue kwa bahati mbaya. Watoto wake walikuwa wanakuja kusikiliza redio. Sasa wanasikilizia kwenye ua. Wengine wanasema ni chira, kwamba kuna mwiko niliuvunja nilipojenga. Mimi nawaacha waseme.

Usije kwa sababu nataka uniweke kichwani ukiniona kwenye benchi ya mbele.

Lakini nina ombi. Mwalimu mmoja hapa anasema Sehemu ya Tatu imefika Kisumu. Sitaweza kuja kuiona. Iangalie kwa niaba yangu, uniandikie yote, hasa lile lango, maana najua watarudi kwenye lile lango. Iandike kama ilivyo, Abdul. Mimi usinitafsirie.

Gordon

Shemeji, hapa naandika mimi mwenyewe. Analala akiwa amekaa. Rosa.


Kaloleni
6 Machi 1994

Ndugu yangu Gordon,

Nimeiona. Nilimwomba mwenye kanda aniachie mpaka asubuhi ili nisikosee.

Inaanza vizuri. Bwana Mkokoteni amepata kisima, lakini haijulikani kama maji yake ni mazima, na watoto wa mjini wana kiu. Anayaonja yeye kwanza. Hapo ndipo ugonjwa unapomwingia. Anawakataza watoto wasinywe, anasukuma mkokoteni wake siku nzima kurudi mjini, na njiani anaanguka, anaamka, anaanguka.

Anafika kwenye lango. Anagonga. Bawabu anachungulia, anamwona alivyo. Nilidhani watafanya kama walivyomfanya yule mwanamke, lakini hapana. Lango linafunguliwa, Gordon, pande zote mbili. Wanatoka wote, wanamshika mikono. Bibi mmoja mzee anamwosha miguu kwa maji ya kunywa, katika nchi ile isiyo na maji. Wanamlaza kitandani, watoto wanakaa mlangoni, na yeye anafumba macho huku watu wanaimba.

Ukumbi wote ulilia. Sasa kubali nilichokuambia siku zote, kwamba hii si hadithi ya mtu aliyeachwa peke yake.

Naomba nije.

Abdulrahman


Asembo
11 Mei 1994

Omera,

Umenidanganya.

Sikuhitaji kuona sinema kulijua hilo. Waliofunga lango katika ya Pili hawawezi kulifungua katika ya Tatu. Lango ni lilelile, bawabu ni yuleyule, na woga haujatoka popote. Nilikuomba jambo moja, wewe ukaniweka kwenye benchi ya pili pamoja na yule aliyekuwa anakohoa.

Rosa alipofika pale pa kuosha miguu aliacha kusoma, akatoka nje. Kila jioni ananiosha miguu. Hakuna mwingine anayenigusa. Nilikasirika kwamba umempa kazi yake bibi mzee wa sinema, na watu wengi wa kumsaidia, wakati hapa yuko peke yake na ndoo.

Hasira imepita sasa. Wewe unajua ninaumwa nini, umejua tangu Beldina akukazie macho. Ni ukimwi. Nimelisema, na nyumba haijaanguka.

Kwa hiyo sikia. Nicodemus ameshatangaza kwamba nikifa hapatakuwa na buru. Anasema ugonjwa wangu tayari ni aibu, asiongezewe na upagani. Wazee wamenyamaza, kwa sababu wanamwogopa yeye na wananiogopa mimi. Omera, siombi mengi. Kifo kimekaa ndani ya nyumba hii mwaka mzima, kimekalia kiti changu, kinamtazama mke wangu. Nataka kikimbizwe. Nataka kisikie kelele.

Njoo na Simiyu na wale wenye baiskeli wa ukumbini. Jipakeni majivu, pigeni kengele, mkipige kifo mawe mpaka ziwani. Ng'ombe mtakosa, si neno. Endelea kuwaita wezi ukitaka, lakini siku hiyo uwe mmoja wao.

Gordon


Kaloleni
3 Juni 1994

Ndugu yangu,

Nitakuja. Na majivu nitajipaka, mimi Abdulrahman, na kofia yangu kichwani. Simiyu na wenzake nimeshawaambia, na hakuna aliyecheka.

Ni kweli. Lango halikufunguliwa. Aligonga mpaka akachoka, akaenda kuegemea gurudumu la mkokoteni wake, na asubuhi watoto wakamwona kutoka juu ya ukuta. Basi, ikaisha. Nilizima deki kabla ya taa kuwaka. Sikuwatafsiria neno, watu wakatoka kimya kimya. Sikuweza kukuandikia hivyo. Kalamu ilifika pale langoni ikafungua yenyewe.

Wewe ulikuwa sahihi tangu Sehemu ya Kwanza. Ningependa uwe umekosea.

Niruhusu nije ungali unaona. Niandikie neno moja tu.

Abdulrahman


Asembo
9 Septemba 1994

Shemeji Abdulrahman,

Gordon ametutoka leo alfajiri. Barua hii anaileta Beldina, anapeleka samaki Kisumu. Mwezi wa sita alitaka kukujibu, lakini kila siku alisema kesho, nitakuwa na sura nzuri kidogo.

Njoo na watu wako.

Rosa


Kaloleni
11 Septemba 1994

Shemeji Rosa,

Beldina amenifikia jana jioni. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mariamu amelia mpaka majirani wakaja. Mimi bado, nadhani itanijia baadaye.

Nimemwambia Simiyu. Wenye baiskeli wanahitaji siku chache kujipanga, na mwenye lori la kutubeba sisi na baiskeli ametuahidi Jumamosi. Usiwe na wasiwasi. Nimezaliwa Kisumu, nimekaa na Wajaluo maisha yangu yote, najua mambo yenu. Lazima wa mbali wangojewe, jeneza lichongwe, watu wakeshe, wiki mbili si ajabu. Sisi Waislamu ndio tunaozika kabla chai haijapoa. Jumamosi tutakuwa hapo hata kabla kaburi halijachimbwa, na Gordon atapata vumbi lake.

Barua nampa Beldina.

Shemeji yako,
Abdulrahman


Asembo
13 Septemba 1994

Shemeji,

Barua yako nimeisomea kando ya kaburi. Alizikwa Jumamosi, kabla ya saa sita. Wakati Beldina anakutafuta sokoni, udongo ulikuwa umeshamfunika.

Nicodemus alisema mwili wa ugonjwa huu hauwekwi. Hakukuwa na mkesha wala kungoja mtu. Dada yake Gordon kutoka Sondu alifika jioni akiwa na blanketi la kumfunikia, akakuta tumemaliza. Waliomshusha walifunga mifuko ya nailoni mikononi. Wimbo mmoja, sala moja, kila mtu kwake. Maisha yangu yote sijaona Mjaluo akizikwa hivyo.

Nilikuandikia njoo, nikidhani wewe utalisikia neno hilo kama linavyosikika kwenu, njoo sasa. Wewe ukalisikia kama linavyosikika kwetu. Sikulaumu. Ningekuandikia siku, lakini na mimi siku sikuambiwa. Niliona wachimbaji wakiingia.

Sijui kama kuna maana mje tena. Nicodemus amesikia habari zenu na ameapa kufunga lango.

Rosa


Asembo
20 Novemba 1994

Shemeji Abdulrahman,

Pole kwa kunyamaza. Nilitaka mambo yatulie kwanza ndani yangu, kisha nikaona hayatatulia, bora niandike.

Jumamosi ile mlipokuja hata hivyo, wewe uliona upande wa nje. Ulimwona Nicodemus na Biblia yake mbele ya lango, ukamsikia akisema, "Huyu tumeshamzika. Hapa hakuna kitu chenu." Nawe ukasimama umeshika baiskeli ya Simiyu, majivu usoni, kofia kichwani. Watu wanasema ulikuwa unaogopa. Mimi najua ulikuwa unalia, maana majivu yalikuwa yamechora mistari.

Sasa nikuambie upande wa ndani. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kengele, nikadhani ni watoto wa shule. Halafu nikaona vumbi limepanda juu ya ua wote, na kengele hazikomi. Nikatoka mpaka karibu na lango, nikasimama nyuma ya shemeji yangu. Mjane hampiti mkubwa wa boma. Hata kaburi likiwa bichi, hasa kaburi likiwa bichi. Nilijiambia Rosa rudi jikoni.

Ndipo nikakumbuka barua yako ile ya uongo. Nilimsomea Gordon mimi, kwa hiyo naijua kwa moyo. Lango linafunguliwa pande zote mbili. Nikajiuliza, katika sinema ya kweli, ndani ya ukuta mule hakuwepo hata mtu mmoja aliyempenda? Au alikuwepo, akasimama nyuma ya bawabu akisema rudi jikoni? Nikanyoosha mkono kushika komeo. Shemeji, Nicodemus hakunizuia. Aliruka pembeni. Aliogopa nisimguse. Mwaka mzima woga wao ulikuwa umetufungia mlango, na siku ile ndio ulioufungua.

Mengine uliyaona. Mlivyozunguka kaburi na kengele, na Simiyu akikitukana kifo kwa Kibukusu, mpaka wazee waliokuwa wananisalimia kutoka barabarani wakashindwa kuvumilia. Mzee Obiero akaja na madume yake mawili, wengine wakavunja matawi, na wote mkateremka mbio kuelekea ziwani mkipiga mayowe. Mimi nilibaki na kaburi. Nilimwambia Gordon, sikia, wamechelewa lakini wamekuja. Vumbi likaingia nyumbani, likakaa juu ya kitanda na juu ya kiti chake. Sikufagia mpaka Jumatatu.

Sikudanganyi, kifo hakikwenda mbali. Kile kikombe cha bluu bado kinaning'inia kwenye mwimo wa mlango, na sasa ninakinywea mimi. Nimeanza kukohoa. Dada wa Sondu anataka nikakae kwake, lakini sitaki kuacha kaburi kabla mtama haujavunwa. Nicodemus hasemi na mimi, ila jioni moja nilimkuta amesimama kwenye kaburi la ndugu yake, viatu mkononi, na aliponiona akaenda.

Buru wanafanyiwa wanaume. Mwanamke kama mimi, asiye na mtoto, hakimbiziwi kifo na mtu. Hilo silalamikii na wala sikuombi kengele. Nakuomba jambo dogo tu. Siku Beldina atakapokuletea neno kutoka kwangu, usilisome kama mtu anayejua desturi za Wajaluo. Usitafute lori. Acha sinema ikiwa katikati, waache watu wakupigie kelele, uje siku hiyohiyo, upesi, kama mnavyowazika wenu.

Lango sitalifunga.

Shemeji yako,
Rosa